Taa Nyekundu Kwenye Kona

Alhamisi, baada ya Isha

Kampala nzima hakuna mtu anayelielewa gari kama mimi. Majenerali walikuwa wakinipigia simu niwasikilizie injini zao.

Lakini leo mwenye macho alikuwa mke wangu. Tangu Jumatatu taa moja nyekundu kwenye dashibodi ya gari langu inawaka na kuzima, nami nasema ni waya tu. Tulipotoka Nateete akaniambia, "Baba Zaina, wewe fundi wa majenerali, mbona inawaka ukikata kona tu? Ukinyoosha, inazima."

Nikacheka. Halafu nikasimamisha gari, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu! Oili kidogo iliyobaki ilikuwa inakimbilia upande mmoja kila nikipinda. Injini ingekufa, na Jumamosi ndilo gari la kumbeba bibi harusi, binti wa dada yangu. Uso ningeuweka wapi?

Nimeongeza oili. Taa kimya, hata kwenye kona kali. Alhamdulillahi, na Mungu amtunze Mama Zaina, ingawa nimemwambia nilikuwa najua.

Sikujua. Ile picha ya kopo la oili kwenye taa niliona ni birika, basi tangu Jumatatu namimina maji kwenye rejeta kisirisiri.