Filamu ya Kisasi na Mahindi ya Busiu

Jumapili, Nabuyonga

Bado nimeudhika. Leo mchana kaka yangu Swaibu alinipeleka ukumbi wa video kuona ile filamu ya Waviking, ambamo kijana anarudi kumuua aliyemuua baba yake. Picha zilipendeza kweli: theluji, moto, bahari nyeusi. Lakini kila shoka liliposhuka watu walipiga makofi, kana kwamba vita hatukuviona hapa.

Tulipotoka, jirani yetu Musa alimshika kaka bega.

"Umeona, Swaibu? Yule ndiye mtoto wa kiume. Aliyewaonyesha askari nyumba ya baba yenu kule Jinja, wakamuua, yuko Busiu, anauza mahindi, na wewe unakaa tu."

Njiani nilimuuliza kaka kama maneno yale yamemwingia, maana niliogopa.

"Yule mzee, mimi nanunua mahindi kwake kila msimu," akasema. "Ananipimia vizuri. Usoni hajaniangalia hata siku moja."

Miaka yote hii nimesonga posho, yaani ugali, ya mahindi hayo, na hakuniambia. Hilo limeniuma kuliko maneno ya Musa. Na unga uliobaki jikoni, sijui kama nitaweza kuusonga.