Siku Joselina Alipokataa

Jumatatu, 3 Machi 2025. Katumba, makazi yetu tuliokuja Tanzania kama wakimbizi.
Inakaribia miaka hamsini na mitatu tangu niondoke Burundi. Asubuhi nimepanga kuni za bani la kukaushia tumbaku. Kisha ofisi ya kijiji. Kamati imenipa kazi ya kumwongoza Neema, mtafiti kutoka Dar. Anahoji wanawake wanaouza gongo: pombe, wanaume, kinga. Mambo mazito. Wote wamekubali kuhojiwa upesi. Upesi mno.

Jumanne, 4 Machi.
Neema amesimamisha kazi. Kaniuliza kwa nini wanasema ndiyo kabla hajamaliza kueleza. Nimemwambia ukweli. Hapa mgeni mwenye karatasi akiuliza, unakubali. Ndivyo tulivyopata chakula, na baadaye uraia.
Jioni Joselina, muuza gongo, binti wa jirani yangu, kanijia.
"Babu, nikikataa si watanirudisha Burundi? Na hata sijawahi kufika!"
Alicheka. Kisha akauliza tena. Nimekasirika: woga wetu umemfikia hata yeye.

Alhamisi, 6 Machi.
Mkubwa wa kazi wa Neema kapiga simu. Anataka kazi iishe wiki hii. Mwenyekiti wa kijiji naye:
"Dada, si wamekubali wenyewe? Unatafuta nini tena?"
"Natafuta hata mmoja anayeweza kuniambia hapana."
Neema amefuta mahojiano yote. Ameanza upya, kwa kuwafundisha kukataa. Wanafanya mazoezi kwa sauti.
"Mama, unakunywa gongo?"
"Inakuhusu?"
Wamecheka mpaka machozi. Anaweza kufukuzwa kazi kwa hili, na anajua. Nimesoma vitabu vingi kuhusu heshima. Sijawahi kuiona ikifanyiwa mazoezi.

Ijumaa, 7 Machi.
Zamu ya Joselina. Mimi nje, mbali. Neema hataki mzee yeyote asikie. Joselina katoka mapema.
"Nimekataa, Babu."
"Akasemaje?"
"Kasema asante. Kanipa soda kama wenzangu."
Kaondoka anatembea kama mtu aliyegawiwa kiwanja. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumapili, 9 Machi.
Baada ya ibada mdogo wangu kapiga simu kutoka Rumonge, Burundi. Yeye alirudi zamani. Swali lake lilelile: shamba la baba lipo, nakuja lini? Kila mwaka mimi humjibu: mwakani. Hiyo ni "ndiyo" yangu ya woga.
Leo nimemwambia hapana. Kisha kauliza habari za mvua.
Imenyesha vizuri. Mahindi yanabeba.
Sitarudi.