Kurasa Nilizomficha Bishar

Jumamosi, karibu na magharibi. Jua la Garissa limewaka tangu asubuhi na hata upepo wa mtoni haukuja. Nimefunga dirisha, nikalifungua tena. Sina raha popote.

Adan amefariki.

Amefariki leo baada ya adhuhuri, siku yake ya nne hospitalini. Aliyempiga ni mdogo wangu, Bishar.

Wiki iliyopita vijana fulani huko Balambala walimpiga rafiki yake Bishar, wakigombania zamu ya kunywesha mifugo. Jumatano Bishar akachukua rungu akaenda kulipiza. Wale vijana hakuwakuta. Alimkuta Adan, jamaa yao, ameinama akiwanywesha mbuzi wake. Hakuwa na habari ya ugomvi wowote. Bishar alimpiga kichwani mara mbili, akakimbia.

Watu wanauliza ukali ule aliutoa wapi. Mimi nahisi najua sehemu ya jibu.

Nilipokuwa kidato cha pili niliokota kitabu kimoja kwenye maktaba ya shule, riwaya ya kale ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Jalada lilikuwa limeng'oka. Ilihusu majambazi waliokimbia watawala waonevu. Mmoja wao alikuwa mpiganaji wa mashoka mawili, asiyemwogopa mtu. Bishar alikuwa na miaka saba. Kila alasiri nilimsimulia kwa Kisomali, naye akashika vijiti viwili na kuwatimua mbuzi wa mama uani.

"Abaayo, endelea! Leo amemkata nani?"

Abaayo, yaani dada. Ndivyo anavyoniita mpaka leo.

Kuna nilichomficha. Mpiganaji yule akipandwa na hasira hakuchagua. Alifyeka askari, akafyeka na waliosimama kutazama, na watumishi waliokuwa jikoni. Kuna mahali aliua mtoto mdogo. Nilipofika hapo niliruka kurasa. Nilimwachia Bishar shujaa safi, anayewapiga waovu peke yao, kwa sababu nilipenda macho yake yalivyong'aa.

Sisemi kitabu kimeua. Rungu lilikuwa mkononi mwake, na ni mtu mzima mwenye akili zake. Lakini tangu Jumatano nimekuwa nikijiuliza angefanya nini kama ningemsomea yote, akamchukia mpiganaji yule kama nilivyomchukia mimi.

Saa kumi amenipigia kwa namba nisiyoijua.

"Abaayo, yule mtu ameamka?"

"Amekufa, Bishar."

"Sikumtaka yeye. Wallahi, sikumtaka yeye."

"Basi rudi. Nitakupeleka polisi mimi mwenyewe. Wazee wetu watakaa na watu wa Adan."

"Hooyo anajua?"

"Bado."

"Usimwambie mama, abaayo. Nakuomba."

Akakata. Nimempigia tena na tena. Simu imezimwa.

Nilibaki nimesimama pale pale. Nilitaka kulia, nikashindwa. Nilimwonea huruma ndugu yangu kabla ya kumwonea huruma marehemu, na hilo linanitia aibu kuliko yote.

Mama alikuwa jikoni akikoroga unga wa mikate ya anjera. Hakugeuka.

"Yule mgonjwa anaendeleaje?"

Tangu Jumatano hajaacha kumwombea Adan. Anasema Adan akipona, Bishar naye atapona.

"Anaendelea, hooyo," nikasema.

"Alhamdulillahi."

Sasa namsikia chumba cha pili. Adhana imeshatoka na yuko kwenye mswala. Najua anachoomba. Anamwomba Mwenyezi Mungu amwinue mtu ambaye ndugu zake wanamwosha saa hii, nami nimekaa hapa na simu mkononi namwacha aombe.

Akitoa salamu nitaingia. Nitakaa chini karibu naye na nitasema.

Sijui nitaanza na jina la nani.