Shimo Chini ya Chumba cha Tatu

Lubumbashi, tarehe 2 Februari

Kwako Yaya Elisée, kaka yangu mkubwa,

Amani ya Bwana ikukute wewe na wote wa nyumbani mwako huko Mitwaba. Natumaini mguu wako umepona, na kwamba sasa unafika kanisani bila kuegemea bega la mtu. Mimi sijambo. Shinikizo la damu hupanda na kushuka, lakini dawa ninazo, na mkono wangu ungali unaandika mstari ulionyoka. Nimechagua kukuandikia, sikutaka kupiga simu, kwa sababu kwenye simu mtu husema haraka, na jambo hili lataka kusemwa polepole.

Unakumbuka kwamba mwezi wa Novemba nilikupigia simu kwa hasira. Nilikuambia kwamba Clovis Chola, fundi mwashi uliyeniletea kutoka huko kwenu, amenijengea nyumba mbovu, na kwamba ni mwongo. Nilikuagiza umwambie hivyo mama yake, Mama Mimi. Nawe ulimwambia baada ya Misa, uwanjani mwa kanisa, kwaya nzima ikisikia. Nimepata habari kwamba tangu siku ile haimbi tena, na kwamba Jumapili huketi benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka. Barua hii inahusu jina la mwanawe. Tafadhali isome yote.

Nyumba ilikamilika mwezi wa Julai, nikahama mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, nilikopanga kwa miaka mingi, nikaja huku upande wa barabara ya Kipushi. Mvua za kwanza zilipoanguka, dosari zikajitokeza. Mlango wa jikoni ulivimba ukakataa kufungwa. Bati moja lilivuja juu ya meza yangu ya kuandikia. Sakafu ya ukumbini iliyaita maji ndani badala ya kuyatoa nje. Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa chumba cha tatu, kile cha nyuma: ukuta ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, ufa wa kuingiza vidole viwili. Jirani yangu Mama Syntiche, ambaye Mungu hakumnyima sauti, alikuja akautazama mikono kiunoni, akasema ukuta wa mwalimu umefungua kinywa, bila shaka unataka kujibu somo.

Nilifanya kama nilivyozoea darasani kwa miaka thelathini na minane. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika makosa kumi na moja, nikayapa namba, chini nikatia alama: nne juu ya ishirini. Nikampa dereva wa pikipiki ampelekee Clovis, aliyekuwa akijenga karakana huko Kenya. Wala sikungoja jibu. Jioni ile ile nilimsema katika jumuiya yetu ya mtaa, na paroko, ambaye alikuwa amekwisha kumwahidi Clovis kazi ya madarasa mawili ya watoto wadogo, akampa fundi mwingine.

Wewe hukai mjini, Yaya, kwa hiyo huenda hujui desturi ya hapa. Fundi akishakabidhi ufunguo hubadilisha namba ya simu. Ukimkuta sokoni, atakuambia ana msiba. Mama Syntiche aliniapia kwamba Clovis nitamwona tena siku ya ufufuko. Clovis alikuja kesho yake, saa moja asubuhi, amebeba pimamaji, timazi na karatasi yangu iliyokunjwa vizuri mfukoni. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaniomba tupite pamoja namba kwa namba.

Hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia, ingawa sikutaka. Mbele ya mlango wa jikoni alisema, "Hii ni yangu, mama. Mbao ilikuwa haiyakauka." Chini ya bati akasema tena, "Hii ni yangu." Ukumbini aliweka pimamaji sakafuni, akapiga magoti, akatikisa kichwa, akasema kwamba siku ile alikuwa na haraka na haraka imemwaibisha. Alikiri makosa kumi bila kutaja mvua, wala muuza mbao, wala shetani. Nimesahihisha madaftari ya vizazi viwili, na sikumbuki mwanafunzi aliyepokea wino mwekundu kwa namna hiyo. Kisha tukafika namba ya kumi na moja, ule ufa. Alipitisha kidole juu yake toka juu hadi chini, kisha akaomba ruhusa ya kuchimba.

Makosa yale kumi aliyamaliza kwa siku nne. Sakafu aliivunja na kuimwaga upya, na alipokwisha alimwaga ndoo ya maji katikati ili nione yanavyotoka yenyewe hadi mlangoni, kama watoto waliosikia kengele. Siku ya tano alichimba kando ya msingi wa chumba cha tatu. Alichimba hadi kifua chake kikazama. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani. Nilimwona akiinua kiganja kilichojaa kitu cheusi, akakitazama, akanitazama mimi, kisha akakirudisha chini taratibu. Mama Syntiche alichungulia juu ya ua akapaza sauti: "We fundi, umepata nini mule? Umepata hazina ya mwalimu?" Clovis alimjibu, "Nimepata kazi, mama." Akapanda juu, akanawa, akaomba chai.

Kazi ile ilidumu majuma matatu. Aliegemeza paa kwa miti ya mkaratusi. Alichimba chini ya msingi kipande kwa kipande, kila kimoja urefu wa mkono, hakufungua ukuta wote kwa mara moja, akishuka hadi ardhi ngumu ambayo mtarimbo hugonga na kurudi. Kila shimo alilisimamishia nguzo ya zege yenye vyuma ndani, akangoja ikauke, ndipo akafungua shimo jingine. Mvua ikilijaza shimo, alikomba maji kwa ndoo na kuanza upya. Kisha alishona ufa kwa vyuma, akabandika juu yake vipande vitatu vyembamba vya saruji. Alinieleza kwamba nyumba ikisogea tena, hata kidogo, vitapasuka kabla ya ukuta. Mvua zote za Januari zimepita, nami huvitazama kila asubuhi. Ni vizima.

Sasa, Yaya, nakuandikia lile ambalo sikumwambia mtu.

Mwaka mmoja kabla Clovis hajaja, palikuwa na kichuguu kirefu nyuma ya kiwanja changu, pale pale penye chumba cha tatu. Niliajiri watu wakakivunja, wakafyatua matofali na kuyachoma papo hapo, kama afanyavyo kila mtu hapa. Udongo haukutosha. Niliwaambia washuke chini zaidi, wakachimba hadi shingo zao zikazama. Matofali yalipokwisha kuiva, nililijaza shimo kwa majivu ya tanuru na matofali yaliyovunjika, nikafukia, nikapanda viazi vitamu juu. Clovis alipofika, kabla hajanyosha kamba, aliniuliza swali ambalo kila fundi mwema wa hapa huuliza: kichuguu kilikuwa wapi? Nilijua kwamba nikisema kweli ataisogeza nyumba mbele na chumba cha tatu kitakosa nafasi. Nilimwonyesha upande wa barabara. Nilisema uongo mchana, nimesimama juu ya shimo lenyewe. Na ufa ulipofunguka nilijua sababu yake siku ya kwanza. Nilijua nilipokuwa nikiandika namba kumi na moja kwa wino mwekundu.

Siku ya mwisho nilimwuliza kwa nini hakusema, hali aliyaona majivu. Alikuwa akifunga vyombo vyake. Alisema, "Mama, fundi anauliza, kisha anachimba. Mimi niliuliza tu. Nilisema huyu ni mwalimu, atanidanganya kwa nini? Nikaacha kuchimba. Hiyo ni yangu." Akanishukuru kwa chai, akaenda zake.

Yaya, maneno hayo yamenichapa kuliko fimbo yoyote niliyowahi kuishika. Jumapili iliyopita nilisimama katika jumuiya, mbele ya paroko na Mama Syntiche, nikasema yote niliyokuandikia hapa. Madarasa yamekwisha kuanzwa na yule fundi mwingine, na siwezi kuyarudisha. Kumebaki Mitwaba. Nakuomba uchukue barua hii ukamsomee Mama Mimi baada ya Misa, uwanjani, pale pale ulipomwambia, kwaya ikiwa bado haijatawanyika. Usimsomee nyumbani kwake. Usiruke aya ya shimo, wala usiipunguze kwa kunionea huruma. Akitaka kunitukana, mwache atukane, nawe usinitetee. Nitakuja mwenyewe Pasaka kupiga magoti mbele yake, ila sitaki angoje hadi Pasaka ndipo aimbe.

Unisalimie wifi yangu, watoto, na wote wanaoniulizia. Bwana awalinde.

Ni mimi mdogo wako, niliyedanganya,

Agnès Musonda