Ba samaki bamekataa kula, na Nadège naye

Mardi, jumanne. Jua kali, upepo hakuna hapa Katuba. Moyo yangu haiko muzuri, lakini sikuambia mutu.

Mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu, kuko beseni kubwa, na ba samaki ndani. Hapana ya kukaanga! Ni ya Nadège, mutoto wa binti yangu. Anasoma mambo ya banyama ku université, na bale samaki njo kazi yake ya kumaliza. Bakikufa, ataanza tena mwanzo.

Dimanche, siku ya kanisa, mama ba shirika ya sala balikuya kusali kwetu. Ngoma, nyimbo, bigelegele. Furaha ilinipanda, nikakamata samaki moja na mukono, nikainua juu: «Angalieni! Mujukuu wangu njo anasomaka hii!» Bakapiga mikono. Kifua yangu ikavimba.

Tangu pale ba samaki habakule.

Nadège naye hakule. Jana nikamupigia makelele: «Weye, bukari yangu, ugali nilipika na mikono yangu, iko na sumu?»

Akajibu polepole (Kambo ni miye, bibi): «Kambo, woga inamwanga dawa mu damu, na hamu ya kula inapotea, ya samaki na yangu. Ile dawa ni kama ufunguo, inatafuta serrure, kufuli yake. Samaki iko na serrure. Chura, kuku, siye, wote tuko nayo. Zamani sana serrure ilikuwa moja tu, kisha ikazaa ya pili. Kwetu leo, moja ni ya woga, ingine inaangaliaka zaidi chumvi. Kwa samaki, ufunguo ileile inafanya kazi yote mbili. Na kuku iko na ufunguo yake, tofauti kidogo.»

«Basi miye na samaki tuko jamaa?»

«Jamaa ya mbali, Kambo.»

«Usinitukane!»

Lakini nikafikiri. Docteur ananikatazaka chumvi, ananikatazaka na kukasirika, juu ya tension, damu yangu inapandaka. Nilizania anaongezaka maneno tu. Kumbe ile mambo mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Musamaha sikuomba. Na huu umri?

Asubuhi nikatosha mu sanduku kitenge yangu ya sikukuu, nikafunika beseni nusu. Mama Ndaya, jirani, akafika na dada yake kuangalia samaki.

«Imelala», nikabaambia.

«Samaki inalalaka, Kambo?»

«Hapa kwangu inalalaka. Rudi kwako.»

Akaenda na mudomo murefu. Shauri yake.

Mangaribi nikatupa chakula chini ya kitenge, nikasikiliza.

Tchup.

Mudomo ya samaki. Kisha tena: tchup. Sikufunua. Na hamu yote ile, sikufunua!

Nikapika bukari na sombe, majani ya muhogo, ya Nadège, nikafunika sahani, nikaweka mbele yake. Nikaenda kukaa ku barza. Kunyamaza kuliniuma kupita jino.

Nilikaa sana. Kisha nikasikia kifuniko ya sahani. Sikugeuza kichwa.

Dimanche mama ba shirika banarudia. Nitabaambia: sala ndiyo, ngoma hapana. Na atakayekasirika, nitamufunika naye na kitenge.