Nimeificha Barua ya Shule ya Mdogo Wangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimefanya jambo ambalo hata kuliandika mkono unasita, na niliyemkosea ni mtu ninayemshukuru kuliko wote duniani, mdogo wangu wa kike.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka ishirini na mmoja, tunashona sare za shule kwenye karakana ya mama mmoja tunayemwita Mama Pima kwa sababu hakati kitambaa bila kupima mara tatu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilianza kuumwa ugonjwa wa bipola, yaani kuna majuma nilikuwa juu, sina usingizi, naongea kama redio, naona hakuna kinachonishinda, halafu naporomoka, nalala nimegeukia ukuta hata kuoga siwezi, na nyumbani wakasema ni ukaidi wa ujana, baba akasema nimeharibiwa na marafiki, mpaka nilipofikishwa hospitali na daktari akauita ugonjwa kwa jina lake. Mdogo wangu wakati huo alikuwa na miaka minane. Tunamwita Kifungo, kwa kuwa alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha shati la baba na nyumba nzima ikakaa siku mbili kusubiri kitoke.

Nikiwa na miaka kumi na saba niliacha dawa kimyakimya nikidhani nimepona, nikapanda tena, nikamwahidi mwalimu wa kwaya majoho sitini kwa siku tatu, nikakata jora zima bila kipimo hata kimoja, mikono mingine mirefu kama suruali. Mama Pima alikuja juu, akaniambia nitoke nisionekane tena mlangoni pake. Kifungo alikuwa ameniletea chakula cha mchana. Akaweka bakuli chini, akasema, "Shikamoo mama. Dada si mjinga. Dada anaumwa, na dawa zake hanywi, nimezihesabu." Mtoto wa miaka kumi! Mama Pima akavua tepu shingoni, akasema, "Haya, twendeni wote hospitali." Mshauri, ile sentensi moja ndiyo iliyoniokoa na ndiyo iliyoniachia kazi yangu, na tangu hapo Kifungo ndiye anayeniuliza nimelala saa ngapi, ndiye anayeniambia, "Dada, leo unaongea mbiombio, shusha gia," kabla mimi mwenyewe sijajua.

Mwaka ule ule wataalamu pale hospitali, wanaochunguza jinsi ubongo unavyokua kwa vijana wenye ugonjwa huu, waliomba nijiunge nao, nikapigwa picha za ubongo, mashine inagonga kama fundi bati, na mwaka huu nikapigwa tena. Daktari akanieleza kwamba ubongo wa kijana unaendelea kujengwa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na sehemu ya mbele, ile inayomwambia mtu "ngoja kwanza", ni miongoni mwa zinazochelewa kukomaa, na kwa wengi wenye ugonjwa huu sehemu hiyo na njia zinazoiunganisha na sehemu za hisia hukua kwa namna tofauti kidogo. Nikamuuliza, "Kwa hiyo wangu umeharibika?" Akasema, "Wewe si fundi? Wako umepigwa bandi tu, mshono wa muda, cherehani bado haijapita. Kilichopigwa bandi kinarekebishika. Dawa, usingizi na watu wanaokujali, vyote vinasaidia." Nilitoka mle nikilia kwa furaha, maana miaka yote nilijiona nguo iliyokwisha kuharibika. Mwaka wa tatu sasa sijaanguka.

Sasa Kifungo amefaulu, amechaguliwa shule ya bweni, safari ya siku nzima kutoka hapa. Barua yake ilikuja kwenye sanduku la posta la karakana, nikaipokea mimi, nikapiga kigelegele peke yangu, halafu nikawaza nani sasa ataniuliza nimelala saa ngapi, nikaisukuma chini ya vipande vya vitambaa. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Leo ni siku ya sita, na kila jioni ananiuliza, "Dada, posta hakuna kitu?" nami nasema, "Bado, mdogo wangu," naye ndiye ananifariji, "Usijali, wasiponiita nitabaki na wewe." Tunamwita Kifungo lakini naona mimi ndiye kifungo chake, tena cha miaka mingi. Je, akiondoka ubongo wangu utarudi nyuma? Na nimwambie niliificha, au niseme posta imechelewa?

Fundi wa sare

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako niliisoma Jumanne, na kwa kuwa Ijumaa haisubiri gazeti, nilikupigia kwenye namba ya karakana uliyoniachia. Tuliyozungumza umeniruhusu kuyaandika, na wengine wajifunze.

Kwanza nilikugombeza, na hapa narudia. Posta ina makosa yake mengi, usiibebeshe na lako. Mtoto aliyesema ukweli mbele ya bosi wako aliyefura kwa hasira, wewe unataka kumlipa kwa uongo? Uliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, akinichukia je?" Nikakujibu: akuchukie akiwa na barua yake mkononi.

Jioni ile ukampa, ukamweleza yote. Kwa hilo nakuvulia kilemba, maana wangapi tunakiri tukiwa bado hatujakamatwa? Jana ukanipigia kwamba hakupiga kelele hata kidogo, alimpelekea mama yenu barua, jibu likatumwa, kisha akahamisha godoro lake na tangu hapo hakusemeshi. Mwache anune. Ana miaka kumi na minne, ubongo wake nao bado unajengwa, na kwa miaka minne amekuwa akifanya kazi ya muuguzi. Kununa ni kazi ya umri wake, na amechelewa kuianza.

Kuhusu ubongo wako, daktari alisema watu wanaokujali. Hakusema mtu mmoja, tena mtoto. Aliyekunywa dawa miaka mitatu ni wewe, aliyelala kwa saa yake ni wewe. Wala picha ya ubongo si utabiri wa maisha yako. Wataalamu wenyewe wanasema bado wanajifunza, basi usijihukumu kwa picha ambayo hata wao hawajamaliza kuisoma. Kabla mdogo wako hajasafiri, nenda na mama yako kwa daktari huyo, mpange nani atachukua zamu yake. Baba yako naye aende, akasikie kwa masikio yake kwamba si ukaidi. Mama Pima, aliyepokea simu yangu kabla yako, tulizungumza naye ukiwepo na kwa ridhaa yako, akaniambia, "Mwambie kuhesabu vidonge hakunishindi, nimehesabu sentimita miaka thelathini." Mtu kama huyo anajitolea, nawe ulikuwa unalia kwamba utabaki peke yako!

Miaka mitatu bila kuanguka si cheti cha kuacha dawa. Ukiona usingizi unapungua na ahadi zinaongezeka, mwambie mama yako siku hiyo hiyo, usimpigie mtoto bwenini ukamtoa darasani.

Limebaki moja, nalo ndilo kubwa. Kurasa nne umemshukuru mdogo wako kwangu mimi, nisiyemjua sura. Nilipokuuliza kwenye simu, "Yeye mwenyewe umemwambia lini?" ulinijibu, "Bado, mama." Basi usisubiri amalize kununa. Leo ukitoka kazini, ingia chumbani alikohamia, kaa chini, umwambie asante kwa jambo hili na asante kwa lile, moja moja, mpaka yaishe. Akikugeuzia mgongo, endelea kusema. Anayenuna hufunga mdomo, masikio hayafungi.