Kaporali Mgongoni

Butembo, Ijumaa asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia katika jina la Bwana, nikitumaini goti lako limepoa na mvua za Beni hazijakuozeshea maharagwe. Sisi huku tuko wazima. Mume wangu Jéthro yuko dukani, hajui kwamba ninakuandikia. Najua umenipigia simu tangu juzi. Niliona jina lako nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Kuna neno siwezi kulisema huku nasikia ukipumua, ndiyo maana nampa dereva Zorobabel karatasi hii, akufikishie kabla hujapanda gari Jumatatu.

Nianzie mbali kidogo. Mwezi uliopita Jéthro alileta nyumbani mbwa mdogo. Alipewa na rafiki yake Lévi, yule wa Mutwanga aliyekuwa akifunza mbwa wa walinzi wa mbuga, ambaye sasa amehamia hapa Butembo. Tukamwita Kaporali kwa sababu anatembea kifua mbele kama askari mwenye cheo na hamtii mtu. Amekula kiatu cha Jéthro cha kuendea ibada, amemwaga unga wa muhogo, na amemkimbiza kuku wa jirani mpaka kuku huyo akatumbukia chooni. Jéthro akasema mbwa huyo afunzwe, ama arudi alikotoka. Lévi hufunza mbwa wa watu kila Jumamosi asubuhi kwenye kiwanja cha mpira: kukaa, kungoja, kuja wakiitwa.

Mimi sikutaka. Mbwa kwenda masomo! Mbwa wa Baba walikula mabaki ya bugali, wakabweka, wakafa wazee. Huku mtaani watoto wanafukuzwa shuleni kwa kukosa minerval, ile karo ya shule, halafu mimi nipite nikimpeleka mbwa darasani? Nilimwuliza jirani yangu, Mama Bénie, angefanya nini. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema: "Kavira, umekosa mutoto wa kupeleka ku masomo, donc unapeleka imbwa?" Hakukusudia ubaya, mdomo wake huwa unamtangulia. Lakini niliingia ndani nikakaa kitandani nikalia.

Na tayari nilikuwa nimeanza kumpenda huyo mtundu. Sikutaka arudishwe. Basi Jumamosi iliyopita nikaamua kumpeleka kwa siri. Anaogopa pikipiki, ukimvuta kwa kamba analala katikati ya barabara. Nikamshibisha akasinzia, nikambeba mgongoni kwa kitenge, nikamfunika mpaka kichwani na blanketi ndogo kwa sababu ya baridi. Nusu ya wanawake wa Butembo wanatembea hivyo asubuhi. Nani angeniangalia?

Aliniangalia Mama Mariette wa kanisa lenu, aliyekuja kununua bidhaa. Hakuwa ameniona tangu mwaka jana. Alitupa mzigo wake chini, akapiga kelele: "Kavira, Mungu amesikia! Tulifunga na kuomba juu yako, mais hapana mutu alituambia!" Alinikumbatia, akaweka mkono juu ya blanketi, akafumba macho na kuomba kwa sauti, na wapita njia wakasimama. Kaporali, ambaye nyumbani hatulii hata kidogo, alilala fofofo. Wiki nzima nimekuwa nikijiambia kwamba sikupata nafasi ya kufungua mdomo.

Si kweli, mama. Unayajua maombi ya Mama Mariette, yalivyo marefu. Nafasi ilikuwepo. Lakini nilihisi lile joto mgongoni, na pumzi kwenye shingo, na watu wananitazama jinsi wanavyowatazama wanawake wengine, nami nikatamani asimalize upesi. Alipomaliza nilisema Amina. Nikamwambia na asante. Kisha nikaenda kiwanjani, nikamshusha Kaporali, naye akajifunza kukaa.

Nilidhani yataishia barabarani. Kumbe Mama Mariette aliifikisha habari Beni, nawe ukanitumia sauti yako kwenye simu. Ulisema hunikasirikii kwa kukuficha, kwamba baada ya zile mimba mbili kutoka unaelewa kwa nini niliogopa kutangaza. Ulisema umemaliza kufuma kofia ya njano, na kwamba mama za kanisa watapanda gari pamoja nawe, na kuku wamefungwa tayari. Umenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya hulijui. Hakuna mtoto, mama. Alikuwa mbwa. Naona haya mbele yako na mbele ya Mungu, na kila ninapomkuta Kaporali amekaa vizuri kama alivyofunzwa, naona haya hata mbele yake.

Tafadhali wazuie hao mama wasije. Usiwaeleze kwa niaba yangu. Jumapili ile nyingine nitakuja Beni, nisimame mbele yao niseme mwenyewe, hata kama Mama Mariette hatanisalimia tena. Jéthro nitamwambia leo akirudi. Na kesho Kaporali ataenda kwa Lévi kwa miguu yake, kwa kamba, kupitia mbele ya mlango wa Mama Bénie. Akilala barabarani nitamngoja aamke. Anayetaka kucheka acheke.

Ila wewe njoo, mama. Njoo peke yako, bila kuku. Nitakungoja pale magari ya Beni yanaposhusha watu, na mgongoni sitakuwa nimebeba kitu.

Msalimie Baba, msalimie na kaka Timothée na watoto wake wote, kila mmoja kwa jina lake. Bwana akulinde njiani.

Na ile kofia, mama, ninakuomba usiifumue.

Ni mimi binti yako,
Kavira